Somo: Kumuuguza Nyumbani Mtoto wa Miaka 3 hadi 5 Mwenye Homa au Kuhara

Mtoto wa umri huu anaongea, kwa hiyo tunadhani anatuelewa. Anaelewa, lakini kwa namna yake. Muulize wa miaka 4 kwa nini anaumwa, huenda akakujibu ni kwa sababu jana alimpiga mdogo wake. Kwake kosa, au hata wazo baya, linaweza kuleta ugonjwa. Mwili wake anauona kama mfuko: ukitobolewa, vilivyomo vitamwagika vyote. Ndiyo maana plasta ndogo humtuliza kuliko maelezo ya dakika kumi. Anayemuuguza bila kulijua hili huambulia vipimo vya uongo, maana mtoto anayelia hupumua haraka, na dawa iliyoishia kwenye nguo. Fuata mpangilio huu kama ulivyo: yasiyomgusa kwanza, yanayomkera mwisho.

Andaa kipimajoto cha dijitali, saa inayoonyesha sekunde, bomba la kupimia dawa lisilo na sindano, chombo chenye alama ya lita 1, na daftari. Uzito wake wa karibuni uandike ukurasa wa kwanza, kwa kuwa dozi hutokana na kilo, si umri.

Hatua ya 1: Mtazame kabla hujamgusa

Simama mlangoni nusu dakika. Anacheza? Anakufuata kwa macho? Mtoto mwenye nyuzi 39 anayeomba kichezeo chake ananitia wasiwasi kidogo kuliko mwenye nyuzi 38 aliyelegea asiyejali nani kaingia.

Ukiona lolote kati ya haya, acha somo hili umpeleke hospitali sasa hivi: hawezi kunywa, anatapika kila anachokunywa, amepata degedege, amelegea sana au haamki, shingo imekaza, au ana madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi

Mhesabie akiwa ametulia au amelala, fulana imepandishwa, kwa dakika 1 nzima. Usihesabu sekunde 15 halafu uzidishe kwa 4, kwa sababu watoto hupumua kwa mawimbi: kasi kidogo, kisha taratibu. Kuanzia mwaka 1 hadi kutimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka, na mtoto aonwe siku hiyohiyo. Tazama pia chini ya mbavu: sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, au akitoa mkoromo mkali akivuta pumzi ilhali ametulia, usisubiri asubuhi.

Hatua ya 3: Pima joto

Futa jasho kwapani, ncha ya kipimajoto iguse ngozi na si nguo, ushushe mkono na uushikilie hadi kilie. Kwapani, nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa. Akiwa ametoka kuoga au kukimbia, subiri dakika 15 hivi. Mpe kwanza ampime mwanasesere wake. Sekunde 30 za mchezo huo zinakuokolea robo saa ya mieleka.

Mkiishi penye malaria, kila homa ipimwe damu ndani ya saa 24, hata kama mafua yanaonekana wazi.

Hatua ya 4: Angalia maji mwilini

Mdomo mkavu, macho yaliyodidimia, kulia bila machozi, saa 8 bila kukojoa. Kisha bana ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, uiachie: ikirudi taratibu, amepungukiwa maji, ikichukua zaidi ya sekunde 2, hali ni ya dharura.

Hatua ya 5: Dawa ya homa

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Parasetamo hupewa kwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 14: 14 × 15 = miligramu 210, na huo ndio ukomo wa dozi moja. Sasa geuza chupa usome nguvu yake. Yenye miligramu 120 katika mililita 5 itakuwa mililita 8.75. Yenye miligramu 250 katika mililita 5 itakuwa mililita 4.2. Anayezoea chupa ya kwanza akapimia vilevile kutoka ya pili amempa mtoto mara mbili. Soma pia dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamo ndani, na ini la mtoto linahesabu jumla. Aspirini asipewe kabisa: kwa watoto wenye maambukizi ya virusi inahusishwa na ugonjwa hatari unaoharibu ini na ubongo.

Lengo si kufikisha nyuzi 37. Lengo ni mtoto apate nafuu, anywe, alale. Usimkande kwa barafu wala spiriti. Baridi humtetemesha, na kutetemeka hupandisha joto la ndani. Spiriti hupenya ngozini na kuvutwa puani.

Jinsi ya kumnywesha:

1. Usimuulize "Unataka dawa?" Atajibu hapana, nawe huna nia ya kulikubali jibu hilo. Mpe uchaguzi wa kweli: "Utakaa kwenye kiti au mapajani? Maji utanywa kwa kikombe chekundu au cha bluu?"
2. Mwambie ukweli kwa maneno machache, dakika moja kabla, si saa nzima kabla: "Ni chungu kidogo, halafu unakunywa maji."
3. Akae wima. Ingiza ncha ya bomba kati ya shavu na fizi, sukuma mililita 1, ameze, endelea. Ukielekeza kooni atapaliwa. Ukimbana pua atavuta dawa mapafuni.
4. Ikibidi kuichanganya, tumia kijiko kimoja cha chakula laini, si bakuli zima, maana asipomaliza hutajua amepata kiasi gani.
5. Andika saa na kiasi.

Akitapika kabla ya dakika 30 kupita, rudia dozi ileile, mara moja tu. Zikishapita, subiri zamu inayofuata.

Kamwe usiiite dawa pipi. Wa miaka 3 atakuamini, na siku moja ataitafuta mwenyewe kabatini. Usimtishie sindano pia. Amekwisha kudhani ugonjwa ni adhabu, na tishio hilo linamthibitishia.

Hatua ya 6: Akiharisha

Soma pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mwilini anayeharisha: nyingi ni za lita 1, lakini zipo za kipimo kidogo. Mimina pakiti nzima kwenye maji safi ya kiasi hichohicho, koroga hadi iyeyuke. Kugawa pakiti kwa macho ndilo kosa kubwa. Maji yakiwa machache chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi haimsaidii. Usiongeze sukari. Ionje: isizidi chumvi ya machozi. Ikipita saa 24, mwaga na utengeneze nyingine.

Kwa aliyetimiza miaka 2, mpe mililita 100 hadi 200 kila anapoharisha, kwa mafunda madogo. Akitapika, pumzika dakika 10, kisha endelea kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Chakula kiendelee. Damu kwenye choo, au kuhara kunakofikisha siku 14, ni kazi ya kituo cha afya.

Hatua ya 7: Mchezo na usingizi

Hii hatua watu huiruka, nami naiona ni tiba. Mwachie bomba tupu na mwanasesere; atamtibu mgonjwa wake mara kumi, na humo utasikia hofu zake zote. Akisema "mtoto huyu alikuwa mbaya", mjibu waziwazi: "Ugonjwa hauji kwa sababu ya ubaya. Hukukosea kitu." Muda mweleze kwa matukio: "baada ya uji", "ukiamka", kwa kuwa "saa mbili zijazo" hazina maana kwake. Usingizi wa kawaida katika umri wa miaka 3 na 4 ni saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Akiumwa huongezeka, sawa, mradi akiamshwa anaamka vizuri na kunywa.

Maswali ya wanachama

Mama Zawadi: Shikamoo mwalimu. Wa kwangu ana miaka 4, alishaacha kukojoa kitandani. Tangu augue wiki iliyopita amerudia, na ananyonya kidole. Nimkanye?

Jibu: Marahaba mama. Usimkanye. Mtoto aliyeelemewa hurudi kwenye hatua aliyoimudu zamani, na akihisi salama huirudia aliyoipoteza, mara nyingi ndani ya wiki chache. Badilisha shuka bila maneno. Ila chunguza mawili. Akilia anapokojoa au homa ikirudi, mkojo upimwe. Na kama anakunywa maji mno, anakojoa sana mchana pia na anakonda, apimwe sukari leo, si kesho.

Baba Imani: Natumia kijiko cha chai cha nyumbani. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, baba. Dozi huhesabu kijiko kuwa mililita 5, lakini vya nyumbani vinatofautiana, na mkono nao hutofautiana. Tumia bomba au kikombe kilichokuja na chupa, ukisome kikiwa usawa wa macho.

Dada Subira: Alipata degedege lililochukua kama dakika 2, hospitali wakasema ni la homa. Nikiwahi parasetamo halitarudi?

Jibu: Pole sana dada. Parasetamo itampa nafuu, lakini haijaonekana kuzuia degedege, kwa hiyo likirudi usijilaumu kwamba ulichelewa. La homa hutokea kati ya miezi 6 na miaka 5, na wengi huliacha wakikua. Likirudi: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, tazama saa, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane mikono. Likifika dakika 5, omba msaada wa dharura. Hata likiisha mapema, aonwe ijulikane homa inatoka wapi.

Mama Zawadi: Na kula je? Siku ya tatu hii anagusa tu.

Jibu: Maadamu anakunywa na kukojoa, usimlazimishe, kulazimisha kunazaa vita vya mezani vinavyobaki hata baada ya ugonjwa. Mpe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Akipona hamu hurudi kwa kishindo: ongeza mlo mmoja zaidi kwa siku kwa wiki 2, afidie kilo alizopoteza.

Bibi wa wajukuu wanne: Mwanangu mwalimu, mjukuu ana miaka 3 na nusu, husema maneno mawili mawili, na masikio yamemuuma mara nyingi. Wananiambia wavulana huchelewa, nisubiri.

Jibu: Shikamoo bibi. Usisubiri. Kufikia miaka 3 tunatarajia sentensi za maneno matatu, na mgeni aelewe sehemu kubwa ya anachosema. Masikio yaliyouma mara kwa mara huweza kubaki na majimaji ndani, mtoto akasikia kama yuko chini ya maji, na asichokisikia hawezi kukisema. Omba apimwe usikivu kwanza. Wakati huo ongea naye uso kwa uso, televisheni ikiwa imezimwa, na anaposema "gari kubwa" mrudishie "ndiyo, gari kubwa linapita", bila kumwambia amekosea. Na mtoto yeyote aliyekuwa na maneno akayapoteza, apelekwe mara moja.

Baba Imani: Arudi chekechea lini?

Jibu: Homa iwe imeisha saa 24 bila dawa, kama ni kuhara au kutapika, saa 48 tangu mara ya mwisho.