Jinsi ya kuandika tamko la dhamira yako kutokana na tunu unazoziishi

Dira, dhamira na malengo huchanganywa sana, kwa hiyo tuvitenganishe kwanza. Dira ni kule unakotaka kufika. Lengo lina kiasi na tarehe: kumaliza kulipia kiwanja ifikapo Desemba. Dhamira haina tarehe. Inasema unafanya nini, kwa ajili ya nani, na kwa masharti gani. Ukiona sentensi yako inaweza kukamilika ukaiwekea alama ya vema, ujue umeandika lengo.

Usianze kwa kuorodhesha tunu. Ukimwuliza mtu tunu zake, atakutajia zile alizofundishwa kuzitaja: uaminifu, bidii, upendo, hofu ya Mungu. Anza na ushahidi. Tenga jioni mbili, kila moja dakika 45 hivi, na daftari la kawaida. Jioni ya kwanza fungua taarifa ya miamala ya simu yako ya siku 30 zilizopita. Gawa pesa iliyotoka katika mafungu matatu: ya lazima, ya kuombwa, na ile uliyotuma bila mtu kukuomba. Fungu la tatu ndilo linalosema, hata kama ni miamala miwili tu. Kisha andika mambo matatu yaliyokukera mwezi huo hadi ukakosa usingizi, na matatu uliyoyakataa ingawa yalikuwa na faida. Hasira ni shahidi mzuri: aliyekukera kwa kuruka foleni zahanati amekuonyesha mahali unapojali haki.

Kila mstari upe neno moja. Utapata maneno kama 10 au 15, na mengine yatajirudia. Yapunguze kwa kuyashindanisha mawili mawili, ukijiuliza: yakigongana siku moja, lipi linabaki? Chukua ukweli na heshima. Mzee wa ukoo anakosea hesabu ya michango ya harusi mbele ya kikao. Unamsahihisha palepale, au unamfuata baadaye nyumbani? Majibu yote mawili yanafaa, lakini jibu lako ndilo linaloonyesha lipi liko juu. Ishia na tatu, ukizidisha sana nne. Tunu saba hakuna anayezikumbuka akiwa na haraka, na dhamira huhitajika hasa wakati wa haraka.

Neno lisilo na hata mstari mmoja wa ushahidi liondoe, hata kama linapendeza. Pengine ni tunu ya mama yako, au ya mchungaji au sheikh wako. Lipeleke kwenye malengo; huko litakusubiri.

Jioni ya pili ni ya kuandika, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kiswahili kina mtego wake: uadilifu, uwajibikaji, uwazi, ubunifu. Maneno haya ya U- husikika mazito lakini hayana mtendaji. Unaweza kuyapanga manne mfululizo na usiwe umeahidi chochote. Dawa ni kuyageuza kuwa vitenzi. Mfano mzuri ni ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika: “Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa.” Nusu ya kwanza inataja tunu, nusu ya pili inataja tendo ambalo jirani anaweza kuliona ukilivunja. Ile ya “Cheo ni dhamana” imejengwa vivyo hivyo.

Tuseme mwandishi ni fundi cherehani, na tunu zake ni ukweli, muda wa watu na haki. Rasimu ya kwanza kwa kawaida hutoka hivi: “Dhamira yangu ni kuwa mshonaji bora, mwaminifu na mbunifu anayetoa huduma yenye viwango kwa jamii.” Jamii ni nani? Bora kuliko nani? Sasa iandikwe upya:

“Nawashonea wanawake wa mtaa wangu nguo zinazowakaa vizuri, nazo huwa tayari siku niliyoitaja. Sipokei kitambaa ambacho sina nafasi ya kukimaliza. Vipande vinavyobaki ni vya mwenye kitambaa. Namfungia pamoja na nguo yake.”

Maneno 31. Kila anayeshonesha anajua mahali sentensi ya pili inapouma wiki ya kuelekea Idi, na ya tatu inagusa jambo ambalo wateja hulalamikia chinichini. Lenga maneno kati ya 25 na 40.

Angalia pia viambishi vya wakati. “Nita-” huahirisha, “na-” hukubana leo. Sentensi moja angalau iwe ya kukanusha, yenye “si-”, maana kukataa ndiko kunakogharimu. Na anayehudumiwa atajwe kwa namna unayoweza kumwonyesha kwa kidole: wagonjwa wa zamu ya usiku, watoto wa darasa la tatu, abiria wa bodaboda yako.

Kabla ya kuikubali, chukua maamuzi matatu magumu ya mwaka uliopita uyapitishe kwenye tamko. Likiyaunga mkono yote bila kusita, ni pana mno. Limekaa kama shati la kuazima. Likiyapinga yote matatu, umeandika mtu mwingine. Kisha msomee mtu anayeishi au kufanya kazi nawe, bila maelezo, umwulize kitu kimoja: wapi hapa unanitilia shaka? Usijitetee. Pale atakapocheka ndipo pa kurekebisha.

Linakili kwa mkono, uliweke panapoonekana kabla hujakubali jambo: ndani ya jalada la daftari la oda, au nyuma ya kitambulisho cha kazi. Lisome baada ya siku 90, halafu mara moja kwa mwaka. Kazi ikibadilika, badilisha vitenzi na watu kwanza. Tunu huchelewa kubadilika. Toleo la zamani likate mstari mmoja, andika tarehe, na uliache lisomeke.