SOMO: Seva ya nyumbani inayozimika yenyewe salama umeme ukikatika na kuwaka yenyewe ukirudi

Wakuu, swali la "seva haiwaki baada ya umeme kukatika" nimelijibu mara nyingi mno. Naliandika hapa mara moja, kwa ukamilifu. Atakayeniuliza tena nitamrudisha huku.

Kompyuta ninayoizungumzia ni moja tu, ndogo, iliyokwishatumika ofisini, inayoendesha Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na kontena). Ndani yake kuna Gitea ya kutunzia kodi (msimbo wa programu), kontena za mazoezi ya DevOps (kazi ya kujenga na kuendesha programu kwenye seva), na mashine pepe inayotengeneza matoleo ya michezo ya Godot (injini ya kutengenezea michezo).

1. Kununua. Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny au HP EliteDesk Mini. Intel kizazi cha 8 kwenda juu, RAM GB 16, SSD GB 512. Kariakoo utazipata, Luthuli Nairobi pia. Iwashe palepale dukani na uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). Ikidai paswedi ya ofisi ilikotoka, iache. Kwa Dell, dai adapta yake halisi, maana ikipewa isiyoitambua hupunguza kasi ya prosesa. Ikila wastani wa wati 25, mwezi mzima ni uniti 18.

2. BIOS. Washa VT-x na VT-d, uwezo wa Intel wa kusaidia mashine pepe.

3. Proxmox. Sakinisha kutoka flashi. Diski ikiwa moja, chagua ext4. Kisha ingia kwa kivinjari, porti 8006, fungua Repositories, zima ya enterprise na uongeze ya no-subscription. Usipofanya hivyo `apt update` itatoa kosa 401.

4. UPS. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo wengi wanapoharibu. Kuwa na UPS (betri ya akiba ya umeme) peke yake hakutoshi. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha ajali tu: betri ikiisha, umeme unakatika ghafla kama kawaida, na SSD za kawaida hazina kapasita za kumalizia kuandika data iliyokuwa njiani. Nunua yenye porti ya USB, iunganishe na seva, kisha sakinisha NUT, programu inayozungumza na UPS:

`apt install nut`
`nut-scanner -U`

Skana itakutajia draiva. Mara nyingi ni `usbhid-ups`. Kwa UPS nyingi za bei nafuu ni `nutdrv_qx`. Kwenye `/etc/nut/nut.conf` weka `MODE=standalone`. Kwenye `ups.conf`:

```
[ups]
driver = usbhid-ups
port = auto
ignorelb
override.battery.charge.low = 50
offdelay = 60
ondelay = 180
```

Asilimia 50 si woga. Betri ikishachoka, kiwango kinaweza kuporomoka kutoka 40 hadi sifuri ndani ya dakika chache, huku Proxmox ikiwa bado inasubiri mashine pepe zizimike. Sakinisha `qemu-guest-agent` ndani ya kila mashine pepe na uiwashe kwenye Options, la sivyo kuzima kunaweza kungoja hadi dakika 3 kwa mashine moja.

Sasa sehemu inayoleta lile swali. Kwenye BIOS, mpangilio wa umeme ukirudi (Dell huuita AC Recovery, Lenovo After Power Loss) uwe Power On, si Last State. Seva ikizimwa kwa utaratibu, hali yake ya mwisho ni "imezimwa", na Last State itaiacha hivyo hivyo.

Hata Power On haitoshi. Tuseme seva imezimika betri ikiwa 50, kisha umeme ukarudi kabla betri haijaisha. Upande wa seva umeme haujawahi kukatika, kwa hiyo BIOS haina cha kuitikia. Dawa ni kuiamuru UPS yenyewe ikate umeme wa kutoka baada ya seva kuzimika. Hakikisha `upsmon.conf` ina mistari hii:

```
MONITOR ups@localhost 1 upsmon paswedi primary
SHUTDOWNCMD "/sbin/shutdown -h +0"
POWERDOWNFLAG /etc/killpower
```

Jina na paswedi hizo ziwepo pia kwenye `upsd.users`. `ondelay` ya sekunde 180 inasubiri umeme utulie, kwa sababu ukirudi mara nyingi hurukaruka kwanza.

ONYO: jaribu kabla hujaiamini. Chomoa UPS ukutani na usiguse kitu hadi kila kitu kizime. Ikiwa UPS yako haikukata umeme wa kutoka, `offdelay` haijaitikiwa. Kisha rudisha umeme, usibonyeze chochote. Isipowaka yenyewe, hujamaliza hatua ya 4.

ONYO LA PILI: usichomeke pasi wala printa ya leza kwenye UPS hiyo. Ruta ndiyo ichomekwe.

5. Bakapu. Diski ya nje ya USB, vzdump (zana ya bakapu ya Proxmox) kila usiku. Kwenye `fstab` weka `nofail`, la sivyo diski ikichomoka seva itagoma kuwaka. Kisha `pvesm set bakapu --is_mountpoint yes` (`bakapu` ni jina la hifadhi hiyo ndani ya Proxmox). Bila hiyo, diski isipokuwepo bakapu zitajaa kwenye diski ya mfumo. Mara moja kwa mwezi rejesha moja: `qmrestore faili 900 --unique 1` (900 ni namba ya mashine pepe mpya). Mashine hiyo ichomoe mtandao kabla ya kuiwasha, isije ikagombana IP na ya awali.

6. Kuifikia ukiwa nje. Anwani ya WAN (upande wa intaneti) kwenye ruta ikianzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani unashiriki anwani moja ya intaneti na wateja wengine. Kufungua porti hakutasaidia. Tumia VPN ya Tailscale, au ya WireGuard kupitia VPS (seva ya kukodi) ndogo, na `PersistentKeepalive = 25` upande wa nyumbani.

7. Godot. `godot --headless --import`, kisha `godot --headless --export-release "Linux" build/mchezo.x86_64`. Jina kwenye alama za nukuu lifanane herufi kwa herufi na lililo ndani ya `export_presets.cfg`.

---

MASWALI

juma_net: Mkuu yangu umeme ukirudi haiwaki, shida nini?

Mwandishi: Hatua ya 4. Isome yote.

juma_net: Nimesoma, nimeweka Power On ila bado.

Mwandishi: Umechomoa UPS ukasubiri hadi ikate yenyewe? Kama hujafanya, huo ndio mtihani. Ulete matokeo ya `upsc ups@localhost` pamoja na modeli ya UPS. Bila hivyo nabahatisha.

Nasra_Tanga: Asante kwa somo. UPS yangu inatumia nutdrv_qx na `upsc` haionyeshi battery.charge kabisa, inaonyesha battery.voltage tu. Hapo asilimia 50 itasomwa wapi?

Mwandishi: Swali zuri dada, na ni pengo kwenye somo langu. Haitasomwa popote. Tumia muda badala ya asilimia. Ondoa `ignorelb` na ule mstari wa override, kisha kwenye `upsmon.conf`:

```
NOTIFYCMD /sbin/upssched
NOTIFYFLAG ONBATT SYSLOG+EXEC
NOTIFYFLAG ONLINE SYSLOG+EXEC
```

Na kwenye `upssched.conf`, chini ya mistari ya CMDSCRIPT, PIPEFN na LOCKFN:

```
AT ONBATT * START-TIMER zima 300
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima
```

Skripti yako ikipokea neno `zima`, iendeshe `upsmon -c fsd`, amri ya kulazimisha kuzima. Dakika 5 zinatosha kuvuka katizo fupi. Pima kwanza betri yako inabeba dakika ngapi, ndipo uongeze.

Nasra_Tanga: Imefanya kazi. Nimechomoa, imezima, nimerudisha, imewaka.

kodi_kwa_kodi: Mateso yote haya ya nini, si ulipie wingu tu?

Mwandishi: Lipia. Somo ni la wanaotaka seva nyumbani.

mwanafunzi_udom: Shikamoo mkuu. Waajiri wa DevOps wanaijali maabara ya nyumbani?

Mwandishi: Marahaba. Ukisema tu "nina Proxmox", hapana. Andika usanidi wote kwa Ansible (zana ya kusanidi seva kwa faili), uweke kwenye Git, kisha ufute kontena moja na uijenge upya kutoka kodi peke yake. Pima dakika zilizotumika, andika kilichokwama na sababu yake. Ukurasa huo mmoja unajibu maswali ambayo cheti hakiyajibu.

bahari_games: Laptop ya zamani je? Betri anayo mwenyewe.

Mwandishi: Inafaa sana. Weka `HandleLidSwitch=ignore` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, na kama BIOS inaruhusu, dhibiti chaji isizidi asilimia 80. Ikague kila baada ya miezi michache. Paneli ya kugusia ikianza kuinuka, betri imevimba. Iondoe siku hiyohiyo. Ruta bado itahitaji umeme wake.

bahari_games: Na Godot yangu inalia haioni export templates wakati nimezipakua.

Mwandishi: Toleo lazima lifanane kabisa na injini. Injini ya 4.3 inazitafuta `~/.local/share/godot/export_templates/4.3.stable/`, na ni kwenye akaunti ya mtumiaji anayeendesha kazi, si root. Ukitoa toleo la kivinjari, kuanzia 4.3 unaweza kuzima threads. Hapo hutahitaji kuhangaika na vichwa vya HTTP vya COOP na COEP kwenye seva.

Nasra_Tanga: Nyongeza kwa wanaotumia WireGuard kwenye 4G: ping inapita, SSH inaingia, lakini `git clone` inaganda. Kwangu `MTU = 1280` (ukubwa wa juu wa pakiti) kwenye sehemu ya Interface ndiyo iliyoponya.

Mwandishi: Sahihi kabisa. Weka pande zote mbili. Na walio pwani: UPS isikae juu ya kabati chini ya bati. Betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Iweke sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa jua la mchana.