Namna ya Kusawazisha Sauti ya Mwimbaji na Biti Jukwaani

Katika sherehe nyingi za Tanga siku hizi mwimbaji huja na biti zake kwenye simu au fleshi, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni la fundi mitambo kuifungua biti kwanza mpaka besi itikise turubai, kisha ndipo aanze kumtafutia mwimbaji nafasi. Nafasi hiyo huwa imekwisha kujaa. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, na msikilizaji wa taarabu anayesubiri fumbo hawezi kulitunza neno asilolisikia. Kwa hiyo sauti ya mtu ndiyo ya kupangwa kwanza.

Nyumbani, hakikisha biti zote zina ukubwa wa sauti unaolingana, na kila moja iko katika ki (kimo cha sauti ya wimbo) inayomfaa mwimbaji.

Ukumbini, mwambie mwimbaji aimbe sehemu ya juu kabisa ya wimbo wake, wala asiishie kuhesabu "moja, mbili", kwa kuwa anayehesabu hatoi nguvu atakazozitoa watu wakishangilia. Pandisha geini, yaani nguvu ya maiki inapoingia kwenye mashine, hadi mahali ambapo taa nyekundu haiwaki hata akipaza, kisha kata masafa (kasi ya mitetemo ya sauti, inayopimwa kwa Hz) yaliyo chini ya Hz 100 kwenye chaneli ya maiki, ambako hupatikana zaidi mishindo ya mkono na upepo wa baharini kuliko maneno. Sasa ingiza biti kutoka sifuri, polepole. Msaidizi akae safu ya nyuma, na mwimbaji atamke "tamu" na "damu" biti ikiendelea. Msaidizi akishindwa kuyatofautisha, biti imezidi.

Sauti ikiendelea kumezwa, usikimbilie kuipandisha. Punguza kwenye biti desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 kati ya Hz 2,000 na 4,000, kwa sababu hapo ndipo konsonanti nyingi hupata uwazi wake. Eko nayo iwe kidogo sana: kuta tupu za saruji tayari zinarudisha kila silabi juu ya inayofuata, na sijui ni nani aliyewafundisha mafundi wetu kwamba eko ni dawa ya kila sauti.

Spika kubwa zikae mbele ya mwimbaji, zikiwaelekea watu, ili maiki isizisikie na kuanza kupiga mluzi. Mwimbaji aishike maiki kwenye shina, kwani kuifunika kichwa kwa kiganja huharibu namna inavyopokea sauti na kuukaribisha mluzi huohuo.

Watu wakishaketi, sikiliza upya, maana miili na nguo hunyonya sauti, hasa sauti nyembamba, na ukumbi uliojaa hausikiki kama ulivyokuwa mtupu.

Kazi ngumu huja wakati wa kutunza. Mwimbaji huinama kupokea noti, na maiki iliyokuwa sentimita 3 kutoka mdomoni hushuka hadi 12. Kwa kuwa umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua takriban desibeli 6, hapo zimepotea kama 12. Fundi mgeni huipandisha maiki, na mwimbaji anapoirudisha mdomoni spika hupiga ukelele. Mkono wako ukae kwenye kitufe cha biti: ishushe kidogo, uiache hapo mpaka aliyetunza arudi kitini.