Unakwenda kuishi Korea? Haya ya kukaa na watu yajue kabla hujapanda ndege

Wadogo zangu wa Unguja na Pemba mnaopata skolashipu za Korea Kusini mnaniuliza sana, dada watu wa kule wakoje, basi mie nilokaa Seoul miaka miwili nakwambieni hivi, adabu ulofunzwa kwenu nenda nayo, itakufaa kuliko unavyodhani, ila pahala pengine itabidi uigeuze kidogo.

Kwanza umri. Utaulizwa umezaliwa mwaka gani hata hamjazoeana, usione unapekuliwa. Mkorea lazima ajue nani mkubwa nani mdogo ndo ajue aseme vipi, maana kitenzi chenyewe kinabadilika mwisho, na jina la mkubwa halitajwi hivi hivi. Msichana akimzidi msichana mwenzake mwaka mmoja tu keshakuwa "onni", yani dada, na mvulana humwita mvulana alomzidi "hyong", yani kaka. Na kwetu nani anamwita mkubwa wake jina kavu? We taja mwaka wa kuzaliwa tu, kwa sababu zamani walikuwa na hesabu yao, mtoto anazaliwa ana mwaka mmoja tayari na mwaka mpya ukiingia wote wanaongeza, sheria imebadilika Juni 2023 lakini mazungumzoni watu bado wanachanganya.

Shikamoo yao ni kuinama. Inama kidogo, sema "anyong haseyo", mkono usikimbilie kuutoa, msubiri mkubwa.

Hapo kwenye mikono nataka muelewe vizuri. Sie tumefunzwa mkono wa kulia basi, kule kwa mkubwa wa kulia peke yake hautoshi, kikombe, pesa, karatasi, zawadi, vyote unatoa na unapokea kwa mikono miwili, au unatoa kwa wa kulia na wa kushoto unaushikilia chini ya kiwiko. Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa makamo, siku ya kwanza nikampa pakti ya karafuu nilotoka nayo Pemba, mkono mmoja. Akaipokea kwa miwili, taratibu, akainusa, hakusema kitu. Baadae nikampelekea matunda kwa mikono miwili, uso ulivyomfunguka sijausahau mpaka leo, akaniingiza ndani (viatu mlangoni kama kwetu, hilo hutofunzwa) tukala.

Mezani mkubwa akishika kijiko ndo na wewe ushike. Wali wanakula kwa kijiko, bakuli linabaki mezani halinyanyuliwi, mboga ziko katikati mnachukua wote kwa vijiti vya chuma. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, inafanana na chakula wanachowawekea marehemu. Pilipili ikikutoa kamasi toka nje upenge, usipengie hapo hapo.

Nguruwe yumo kwenye vyakula vingi, mpaka kwenye supu usiyoidhania, na kimbap za dukani (wali uliokunjwa ndani ya mwani) mara nyingi zina hemu, yani nyama ya nguruwe. Shika neno hili, "dwejigogi mot mogoyo", sili nguruwe, liseme kabla hujaagiza. Na ulevi ukialikwa sema mapema kuwa dini yako hairuhusu, usisubiri mpaka glasi ijazwe. Nyama halali zipo Itaewon, mtaa wa huko Seoul, karibu na ule msikiti mkubwa ulofunguliwa 1976.

Kwenye treni sema kwa sauti ya chini, na viti vya wazee huko mwisho wa behewa viache hata kama vitupu, si kama daladala zetu unakaa kisha unampisha bibi akipanda.

Taka ndo zitakazokugombanisha na majirani. Tokea 1995 taka za kawaida zinatiwa kwenye mifuko maalumu ya kununua, kila wilaya na wake, chupa na karatasi mbali, mabaki ya chakula mbali. Na mifupa, maganda ya mayai, si mabaki ya chakula! Mie nilichanganya mifupa ya kuku na wali, nikaukuta mfuko wangu umerudishwa mlangoni. Yule mama akashuka, akavaa glavu, akachuchumaa na mimi tukachambua kimoja kimoja, alipomaliza akaniuliza "bap mogosoyo?", umekula wali? Ukiulizwa hivyo usianze kueleza ulichopika, ni kujuliwa hali, jibu "ne, mogosoyo" na umuulize na yeye.