Kichanga ana manjano? Usitegemee jua la asubuhi

Mama zangu na dada zangu, hili la manjano tusilichukulie poa. Watoto wengi macho yanaanza kuwa ya njano siku ya pili au ya tatu na inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili, ini bado changa halijamudu kutoa bilirubini, ule uchafu wa njano unaotokea chembe nyekundu za damu zikivunjika. Ila kuna wanaozidiwa, na hao ndio tunawachelewesha kwa kuwaanika juani.

Mcheki mchana karibu na dirisha, taa ya ndani inadanganya. Mbonyeze kidole kwenye paji la uso au kifuani, achia, angalia rangi kabla damu haijarudi. Kama ngozi yake ni nyeusi angalia zaidi macho, ufizi, viganja na nyayo.

Njano ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au imefika viganjani na nyayoni, hospitali leoleo. Akiwa analala tu hata ziwa hataki, amelegea, au anakakamaa na kupinda mgongo kwa nyuma, analia kwa sauti nyembamba kali, usisubiri kukuche, maana bilirubini ikiingia kwenye ubongo mtoto anaweza kubaki na mtindio wa ubongo au uziwi maisha yake yote.

Hospitali watapima damu, ikiwa juu analazwa chini ya taa ya bluu na nepi tu, macho yamefunikwa. Haimuumizi. Nyonyesha kisha mrudishe haraka, najua inauma kumwona pale lakini muda unaombeba mkononi tiba imesimama. Isiposhuka wanambadilisha damu.

Nyumbani nyonyesha mara 8 mpaka 12 kwa siku, akilala sana mwamshe, bilirubini inatoka na choo. Maji na glukosi hapana. Na zile naftalini nyeupe za kabatini zisikae na nguo zake kabisa, mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) damu yake inavunjika vibaya.

Mjamzito, ulizia kliniki grupu lako la damu, kama ni Rh negative na mtoto akazaliwa positive kuna sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, inamkinga mtoto anayefuata damu yake isivunjwe na kinga ya mwili wako.

Wiki mbili zikipita bado wa njano, fungua nepi uangalie, choo cheupe kama chokaa na mkojo mweusi huenda njia ya nyongo imeziba, na ikiwa ndivyo anahitaji daktari wa upasuaji mapema, kabla hajafikisha miezi miwili.