Somo: Kuiandaa zahanati yako kupokea dawa kwa droni

Tangu 2022 kampuni ya Zipline ina kituo cha kurushia droni Chemelil, kaunti ya Kisumu, na vituo kadhaa vya afya magharibi mwa Kenya hupokea chanjo na dawa kutoka angani. Somo hili ni la manesi na maafisa wa kliniki ambao zahanati zao zinakaribia kuingizwa kwenye mpango huo. Droni hufupisha barabara. Oda iliyokosewa na friji isiyopoesha hubaki mikononi mwetu.

Ni ndege ndogo zenye mabawa. Hurushwa kwa manati, huenda takriban kilomita 100 kwa saa, na huhudumia vituo vilivyo umbali wa hadi kilomita 80 hivi. Hazitui kwako: hushuka karibu na ardhi, huangusha boksi lenye parachuti, kisha hurudi zilikotoka.

Kwanza, hesabu. Fungua friji uhesabu chupa kwa mkono, kisha ulinganishe na kadi ya stoo. Unapoagiza, taja jina la dawa, nguvu yake, idadi, na vyote vinavyoandamana nayo. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chupa ya chanjo ya surua-rubela isiyo na kiyeyusho chake, yaani maji ya kuichanganyia, haimfai mtoto hata mmoja, na kiyeyusho cha kiwanda kingine hakiruhusiwi. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto wa miezi 9 mgongoni atarudishwa nyumbani kwa sababu ya neno moja uliloliacha kwenye oda. Kumbuka uzito pia: boksi hubeba kilo moja na robo tatu hivi, kwa hiyo drip za lita moja zije kwa gari.

Pili, uwanja. Chagueni mahali wazi, mbali na nyaya za stima, miti mirefu na njia ya watoto wa shule. Mtu mmoja awe na jukumu la kupokea, asimame pembeni, na asijaribu kulidaka boksi likiwa hewani.

Tatu, boksi likigusa ardhi, lichukue mara moja. Chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8, na jua la uwanda wa Kano halina huruma. Kila chupa yenye alama ya joto ina mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, endelea. Ukifanana nalo au ukiwa mweusi zaidi, chupa hiyo usiitumie hata kama tarehe yake haijapita. Baridi kali nayo huharibu: chanjo ya pentavalenti, ile ya magonjwa matano, ikiganda haifai tena, kwa hiyo isigusane na barafu wala isiingie kwenye friza. Surua-rubela ikishachanganywa, inayobaki hutupwa muda wa saa 6 ukipita tangu ichanganywe.

Kisha hesabu tena, andika, na utoe taarifa ya upungufu siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Sista, wazee wa kwetu Nyakach wanasema kile chombo kinapiga watu picha. Tufanyeje?
Ndugu yangu, hofu hiyo ichukuliwe kwa uzito. Omba nafasi kwenye baraza la chifu kabla ya boksi la kwanza kufika, eleza litabeba nini, na wahamasishaji wa afya wapite nyumba kwa nyumba. Siku ya kwanza waalike wazee waone likifunguliwa.

Kijana wetu ana droni ya kupigia video za harusi. Anaweza kutubebea dawa?
Hapana. Tangu kanuni za 2020, urushaji wa droni Kenya unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na chanjo inahitaji boksi linalotunza baridi.

Mama akivuja damu baada ya kujifungua usiku, tuagize damu ije zahanati?
Dada, damu iende hospitali yenye maabara ya kuipatanisha na ya mgonjwa. Huko ndiko droni zinasaidia sana. Rwanda ilianza na damu mwaka 2016, na utafiti uliochapishwa 2022 katika The Lancet Global Health ulikuta kwamba damu inayopitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12, maana hospitali haikulazimika tena kurundika chupa za akiba. Wewe kwenye zahanati, mpe oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ambayo isikosekane kwenye friji yako, na asidi ya traneksami, dawa ya kusaidia damu igande, ndani ya saa 3 tangu ajifungue. Ita ambulensi kabla ya simu nyingine yoyote, na uambie hospitali kwamba mama yuko njiani ili damu itayarishwe.