Namna ya kuandaa makala au kipindi kuhusu wanawake waliouawa Ciudad Juárez

Ciudad Juárez ni mji wa Meksiko, katika jimbo la Chihuahua, unaotazamana na El Paso ya Texas ng'ambo ya mto. Mauaji ya wanawake na wasichana wa mji huo, yaliyoanza kuhesabiwa kwa utaratibu mwaka 1993, yamekuwa mkasa unaopendwa na wasimulizi wa visa vya uhalifu, na wengi wao huusimulia kwa namna ileile: jangwa, usiku, basi la wafanyakazi, na muuaji mmoja asiyejulikana. Mwongozo huu ni kwa mwandishi au mtayarishaji wa kipindi anayetaka kuueleza mkasa huo kwa haki. Kabla ya yote, achana na swali la muuaji ni nani, na mahali pake weka maswali matatu yanayojibika: taarifa ya kutoweka ilipokelewa na nani, lini, na aliyeipokea alifanya nini.

Anza na hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika, yenye makao yake San José, Costa Rica, iliyotolewa tarehe 16 Novemba 2009 katika shauri la González na wenzake dhidi ya Meksiko, linalojulikana zaidi kwa jina la Campo Algodonero, yaani shamba la pamba. Mwezi Novemba 2001 miili minane ya wanawake ilipatikana katika shamba hilo, ndani ya mji wenyewe, na shauri lilihusu watatu miongoni mwao. Soma kwanza sehemu ya maelezo ya matukio, taratibu, ukiwa na karatasi na kalamu, na uchore safu tatu: tarehe ya kutoweka, tarehe ya familia kutoa taarifa, na hatua zilizochukuliwa na polisi.

Safu hiyo ya tatu ndiyo itakayokuonyesha jambo. Msichana wa miaka 17, mwanafunzi, alitoweka tarehe 22 Septemba. Mwanamke wa miaka 20 alitoweka tarehe 10 Oktoba, siku aliyofika kiwandani akiwa amechelewa dakika mbili tu na kuzuiwa kuingia. Msichana wa miaka 15, mfanyakazi wa nyumbani, alitoweka tarehe 29 Oktoba. Mbele ya Mahakama, familia zilieleza kwamba ziliambiwa zisubiri saa 72, na kwamba maofisa waliwajibu akina mama kwa kejeli kuwa binti zao huenda wamekwenda na wapenzi wao. Kilichofanyika katika siku hizo kilikuwa kuandika taarifa, kuchukua maelezo na kuchapisha mabango yenye picha. Msako wenyewe haukuonekana. Ukizipanga tarehe hizo kwenye karatasi yako, utaona kwamba kati ya kutoweka kwa wa kwanza na kupatikana kwa miili kulikuwa na mwezi mmoja na nusu, muda ambao mtu angeweza kutafutwa.

Hapa pana jambo la kisheria ambalo wasimulizi wengi hulipita, ingawa kwa maoni yangu ndilo kiini cha hukumu nzima. Mahakama ilitenganisha nyakati mbili. Kuhusu wakati wa kabla ya kutoweka, haikuona kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kuzuia jambo lililompata kila mmoja wa hao watatu, kwa kuwa haikuwa na taarifa za hatari iliyomkabili yeye mahsusi. Lakini kuanzia familia zilipotoa taarifa, katika mji ambao mauaji ya namna hiyo yalikuwa yakifahamika kwa miaka kadhaa, serikali ilikwisha kujua kwamba maisha ya mabinti hao yako hatarini, na ikawa na wajibu mkali wa kutafuta bila kuchelewa katika saa na siku za mwanzo. Kwa hiyo usiandike kwamba Mahakama ilisema serikali iliwaua wanawake, kwani haikusema hivyo. Andika kwamba iliitia serikali hatiani kwa kutowatafuta, na kwa kutochunguza ipasavyo baada ya hapo.

Upande wa takwimu, kila idadi iandamane na jina la aliyehesabu, miaka aliyoihesabu, na aina ya vifo alivyovijumuisha. Aliyeanza kazi hiyo ni Esther Chávez Cano, mhasibu aliyekuwa akiandika magazetini, aliyeanza kukusanya habari za vifo hivyo mwaka 1993 na ambaye mwaka 1999 alianzisha Casa Amiga, kituo cha kuwasaidia wanawake waliofanyiwa ukatili. Amnesty International, katika ripoti yake ya 2003, ilitaja wanawake zaidi ya 370 waliouawa ndani ya miaka kumi katika Ciudad Juárez na mji wa Chihuahua, na angalau 137 kati yao wakiwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Mahakama yenyewe ilitaja kwamba makadirio ya 1993 hadi 2003 yalikuwa kati ya 260 na 370. Tofauti hiyo ni habari inayostahili aya nzima, kwa sababu inaonyesha mamlaka ambazo hazikuwa zikitunza hesabu ya kuaminika.

Kumbuka pia kwamba ndani ya idadi hizo wamo wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao, majumbani, na hao hawaonekani kamwe katika simulizi ya jangwani. Mtafiti Julia Monárrez Fragoso wa El Colegio de la Frontera Norte, taasisi ya utafiti ya Meksiko, amefanya kazi kubwa ya kuyagawa mauaji haya kwa aina zake. Fuata mgawanyo wa namna hiyo badala ya kurundika vifo vyote chini ya mkono mmoja. Vilevile usichanganye vipindi. Kuanzia 2008 mji uliingia katika vita vya magenge ya dawa za kulevya, na mwaka 2010 peke yake watu zaidi ya 3,000 waliuawa, wengi wao wanaume. Mwanamke aliyeuawa mwaka huo hawezi kuelezwa kwa maneno yaleyale yanayotumika kwa msichana wa 1995.

Kuhusu viwanda vya maquiladora, vinavyounganisha bidhaa za kuuzwa nje, vitaje kwa kiasi. Mpango wa viwanda vya mpakani ulianza mwaka 1965, nao uliwavuta wasichana wengi kutoka mikoa mingine kuja kuishi mitaa isiyo na taa wala lami. Hata hivyo, waliouawa hawakuwa wafanyakazi wa viwandani pekee. Katika wale watatu wa shauri letu, ni mmoja tu aliyefanya kazi kiwandani.

Ukifika kwa watuhumiwa, punguza mwendo. Mwaka 1995 alikamatwa mkemia kutoka Misri, Abdel Latif Sharif Sharif, aliyetangazwa kuwa ndiye mhusika mkuu. Mauaji yalipoendelea naye akiwa gerezani, mamlaka zilidai kwamba alikuwa akiwalipa wengine waue kwa niaba yake. Baada ya miili ya shamba la pamba kupatikana, madereva wawili wa mabasi walikamatwa ndani ya siku chache, nao wakasema kwamba walikiri kwa kuteswa. Mmoja alifia gerezani mwaka 2003, na mwingine alihukumiwa mwaka 2004 kisha akaachiwa huru mwaka 2005. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba fulani "alikiri", angalia kesi iliishia wapi. Fanya vivyo hivyo kwa utambuzi wa miili: Timu ya Argentina ya Anthropolojia ya Uchunguzi, yaani wataalamu wa kutambua mabaki ya watu, ilipopitia mabaki kuanzia mwaka 2005, ilibaini kwamba baadhi ya familia zilikuwa zimetajiwa mwili usio wa binti yao.

Neno "haijatatuliwa" nalo litumike kwa kesi moja moja. Mwaka 2015 wanaume watano walihukumiwa kifungo cha miaka 697 kila mmoja kwa mauaji ya wasichana 11 ambao mabaki yao yalipatikana Arroyo del Navajo, katika bonde la Juárez, na ni kosa kuyaingiza mauaji hayo katika fungu moja na yale ambayo hayajapata hata mshtakiwa.

Mwisho ni usalama wa walio hai. Marisela Escobedo, mama aliyekuwa akidai haki kwa binti yake, alipigwa risasi na kuuawa tarehe 16 Desemba 2010 mbele ya ofisi za serikali ya jimbo la Chihuahua. Norma Andrade, mama mwingine aliyekuwa mstari wa mbele, alishambuliwa mara mbili, Desemba 2011 na Februari 2012. Ukiwasiliana na familia, pitia mashirika yanayowasindikiza, usitaje mtaa wanaoishi wala shule za watoto waliobaki, na usome nao sehemu inayowahusu kabla ya kuichapisha.